Sensa, kipato na posta kwenye vimji vidogo vya Marekani: mbona namba zinagombana?

Mwanaupepo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi ila leo nimeona nishushe uzi maana hili jambo linanisumbua na huku niliko sina wa kuongea naye kwa Kiswahili.

Niko Nebraska, Marekani, huu mwaka wa tatu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee kwenye kamji kadogo ambako jina lake nitaliacha. Mahindi pande zote, ghala refu la nafaka unaliona ukiwa bado mbali kabisa, barabara moja ya lami, makanisa mawili, posta moja. Ukiingia unakuta kibao cha kijani kimeandikwa jina la mji na idadi ya watu, hatufiki hata mia nne.

Sasa nimeanza kutafuta nyumba ya kununua na kila nikiandika jina la mji mtandaoni yanakuja mambo matatu yamepangwa pamoja: idadi ya watu, kipato cha kaya, na postikodi, ile wao wanaita ZIP. Na hizo namba hazikubaliani. Ukurasa mmoja unasema sisi hatufiki mia nne, mwingine unasema tuko zaidi ya elfu moja. Kipato nilikiangalia mwaka jana, nikaangalia tena mwaka huu, kimeruka maelfu ya dola kwenda juu, na mimi sijui mtu hata mmoja hapa aliyeongezewa mshahara hivyo, pale kazini kwetu ndo kabisa.

Alafu posta. Hapa mjini hakuna anayeletewa barua mlangoni. Wote tunaenda kufungua sanduku posta. Lakini wenye mashamba nje huko, nyumba moja moja, wanaletewa mpaka getini! Mimi ninayefika posta kwa miguu, dakika nne tu, naonekana kama sina anwani. Benki moja imenikatalia fomu mara mbili kwa sababu nimeandika namba ya sanduku.

Naomba anayeelewa haya mambo anifafanulie, na je haya matatu yanahusiana au ni mimi tu nayaunganisha?

KaraniTakwimu

Mkuu karibu, umeuliza swali zuri sana na ndiyo, yanahusiana kuliko unavyodhani. Mimi takwimu ndo kazi yangu, na data za Marekani nimezitumia muda mrefu, ngoja nianze na hiyo ya mia nne na elfu moja.

Unachokiona pale ni vitu viwili tofauti vimepewa jina moja. Mji wenu kama umesajiliwa una mipaka yake kisheria, na Ofisi ya Sensa inahesabu waliomo ndani ya huo mpaka, hiyo ndo mia nne ya kwenye kibao. Postikodi ni kitu kingine kabisa. Ilianzishwa tarehe 1 Julai 1963 kwa ajili ya kupanga barua zitembee haraka, ni mkusanyiko wa ruti za wabeba barua, siyo eneo lenye mpaka. Ruti inayotoka posta yenu inazunguka mashamba yote yale, labda inavuka hadi kaunti ya jirani, na wote hao kwenye bahasha wanaandika jina la mji wenu. Wanaitwa kwa mji wenu kiposta ila siyo wakazi wa mji wenu.

Watu walipozidi kutaka takwimu kwa postikodi, Ofisi ya Sensa kuanzia mwaka 2000 ikatengeneza maeneo yake ya kitakwimu yanayofanana na postikodi, inachukua vitalu vya sensa, yaani vile vipande vidogo vya eneo inavyohesabia watu, na kuvipa postikodi inayotumika zaidi pale. Ni makadirio ya umbo tu. Kurasa za nyumba zinachanganya hivi vitu bila kumwambia msomaji. Kwahiyo mia nne ni sahihi na elfu moja nayo ni sahihi, ila ni majibu ya maswali mawili.

Mzee_wa_Ngazi

Vijana hamjambo. Mimi nauliza tu, mji wa watu mia nne una haja gani na posta siku hizi? Barua pepe ipo, simu ipo, malipo ya simu yapo. Serikali ingefunga hizo ofisi ikapeleka pesa hospitali.

RutiNambaMbili

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima maana hiyo ndo kazi inayonilisha. Mimi niko Iowa, ni mbeba barua wa akiba, yaani naingia ruti siku mwenyewe akipumzika au akiumwa. Naendesha gari langu mwenyewe, nakaa upande wa kulia ili nifikie visanduku vya barabarani, kipindi cha theluji ni kazi ya roho mkononi.

Kwanza pesa. Posta ya Marekani kwa kawaida haiendeshwi na kodi, inaishi kwa stempu na ada za vifurushi. Kwahiyo ukiifunga hakuna fungu linalobaki la kupeleka hospitali. Pili sheria ya mwaka 1970 iliyoipanga upya posta inasema wazi kwamba ofisi ndogo isifungwe kwa sababu tu inaendeshwa kwa hasara. Bunge lao lilitaka mtu wa kijijini apate huduma kama wa mjini. Ndo maana stempu ni bei moja, Julai 2025 iliwekwa senti 78, barua iende mtaa wa pili au iende Alaska.

Na tatu mzee, siyo barua za salamu ninazobeba. Ni dawa. Idara ya maveterani kule, yaani waliowahi kuwa wanajeshi, inatuma kwa posta karibu asilimia 80 ya dawa za wagonjwa wake wanaotibiwa wakiwa nyumbani. Nabeba insulini, nabeba vifaranga hai kwenye maboksi yenye matundu, vipuri vya trekta, hundi, kura. Kuna bibi kwenye ruti yangu akiona nimechelewa nusu saa anatoka nje kusimama barazani. Kwa wiki nzima mimi ndo mtu pekee anayefika pale. Kampuni za kibinafsi za vifurushi zinatoza ziada nyumba ikiwa mbali, na nyingine zimekuwa zikituachia sisi ile safari ya mwisho maana haiwalipi.

Mwanaupepo, swali lako la getini na mjini nalijua kabisa. Kwenye posta ndogo isiyo na mbeba barua wa mtaani, waliojenga karibu na posta, kama robo maili hivi, ruti ya vijijini haiwahesabu, wanatakiwa kufuata wenyewe. Badala yake unapewa sanduku bure, bila kulipia mwaka. Angalia, kama unalipia na hakuna anayekuletea nyumbani, nenda kaulize kaunta, una haki ya lile la bure, moja kwa kila nyumba.

Mwanaupepo

Duh. Mimi nimelipia miaka miwili yote. Kesho naenda. Asante sana kaka.

Ila tatizo la kwetu ni muda, dirisha linafunguliwa kwa masaa manne tu kwa siku, mimi nikitoka zamu wameshafunga. Masanduku unaweza kufungua maana ukumbi wa mbele haufungwi, ila kifurushi kikubwa unaachiwa kakaratasi tu, unakaa nako mpaka siku ya mapumziko.

RutiNambaMbili

Hayo masaa manne yana historia. Julai 2011 posta walitoa orodha ya ofisi karibu 3,700 wanazotaka kuzichunguza kama wazifunge, nyingi za vijijini. Watu waliwaka, mikutano ikajaa makanisani na kwenye mashule. Mei 2012 wakabadilisha, wakasema hatufungi, tunapunguza masaa, ofisi kama 13,000 zikawa za masaa mawili, manne, au sita kwa siku. Ya kwenu iliangukia kwenye manne. Afadhali hiyo kuliko kufungwa, ila aliyepanga hakufikiria wafanyakazi wa zamu.

Na kabla hujasema posta ndogo ni nyingi, mwaka 1901 zilikuwa 76,945 nchi nzima. Sasa ziko kama 31,000. Kilichozipunguza zaidi mwanzoni ni hiyohiyo ruti ya vijijini. Zamani mkulima alikuwa anakuja mwenyewe mjini kuchukua barua, tarehe 1 Oktoba 1896 ndo wakaanza kumpelekea, majaribio yalianzia West Virginia, Charles Town, Halltown na Uvilla, na kuanzia 1902 ikawa huduma ya kudumu. Mbeba barua akifika getini, ile posta ya kwenye kona ya duka inakosa kazi. Alafu tarehe 1 Januari 1913 ikaja posta ya vifurushi, mkulima akaanza kuagiza nguo na majembe kwa katalogi kutoka Chicago, na wenye maduka ya vimji walikuwa wameipinga sana kwa sababu walijua kinachokuja.

Ila haikuwa hasara tupu. Ruti ilikuwa haipewi sehemu kama barabara haipitiki, kwahiyo kaunti zikalazimika kutengeneza barabara na madaraja. Sheria ya kwanza kubwa ya serikali kuu kusaidia barabara, ya 1916, inazitaja kabisa kama barabara za posta za vijijini. Mimi nikipita kwenye changarawe saa kumi na mbili asubuhi huwa nafikiria hilo.

DadaWaKliniki

Habari zenu. Naomba niongeze kitu maana naona hatujafika kwenye sensa yenyewe.

Mimi ni nesi, niko Arizona, kliniki yetu inahudumia watu wengi wa taifa la Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Huku ndo utaelewa sanduku la posta linavyomficha mtu. Nyumba nyingi hazina namba wala jina la barabara. Ukimuuliza mgonjwa anaishi wapi anakuchorea, nyumba ya tatu baada ya kisima, kushoto kwenye miti. Barua zake ziko kwenye sanduku mjini, wakati mwingine familia tatu wanashea sanduku moja, na kufika pale ni safari ya gari ya saa nzima.

Sasa Ofisi ya Sensa haitumi dodoso kwenye masanduku ya posta. Sababu ina mantiki, sanduku halisemi unalala wapi, na sensa inahesabu mtu pale anapolala. Kwahiyo sehemu kama hizi mwaka 2020 walipanga watu wa sensa wapite wenyewe, wahakiki nyumba ipo, waache bahasha mlangoni. Ilikuwa kama asilimia 5 ya kaya za nchi nzima, na wengi wao ni hawahawa wa vijijini na wa maeneo ya wenyeji. Siku ya sensa ilikuwa tarehe 1 Aprili. Tarehe 18 Machi kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ikasimamishwa nchi nzima kwa sababu ya korona. Ikaanza tena taratibu mwezi Mei. Yaani aliye New York alikuwa na barua yake Machi, ameshajaza kwa simu akiwa kitandani, mgonjwa wangu mlango wake haujagongwa na mtu. Kuhesabu kukafungwa tarehe 15 Oktoba.

Matokeo yake Ofisi ya Sensa yenyewe ilifanya uchunguzi baadae, ikakuta wenyeji wanaoishi kwenye maeneo yao ya hifadhi walipunjwa kwenye hesabu kwa asilimia 5.64. Watoto chini ya miaka mitano nchi nzima walipunjwa kama asilimia 2.8. Mimi hizo namba nikizisoma naona sura za watu ninaowachoma sindano.

Mzee_wa_Ngazi

Hapo mwanangu umenigusa. Nilikuwa nachukulia barua ni barua. Kwahiyo asiyefikiwa na barua hahesabiwi?

DadaWaKliniki

Anaweza kuhesabiwa mzee, ila inabidi mtu atoke ofisini amfuate, na huyo mtu akichelewa au akikuta nyumba imejificha nyuma ya nyumba nyingine ndo basi. Na siyo sensa peke yake. North Dakota walikuwa na sheria ya kitambulisho cha kupigia kura kinachotaka anwani ya makazi, sanduku la posta halikubaliki, na Oktoba 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikaacha itumike kwenye uchaguzi wa mwezi uliofuata. Makabila yakakesha kutengeneza vitambulisho na kuzipa nyumba anwani kwa haraka. Kesi ikaja kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2020.

KaraniTakwimu

Dada umesema vizuri mno. Naomba sasa nimalizie deni la kipato maana Mwanaupepo aliuliza kwanini kimeruka.

Kwanza ile namba siyo wastani, ni kipato cha katikati. Tuseme kaya tano, moja inapata dola 20,000, nyingine 24,000, nyingine 31,000, nyingine 38,000, na ya tano 400,000. Ukipiga wastani unapata 102,600 na hakuna hata mmoja anayeishi hivyo. Ya katikati ni 31,000, hiyo ndo inayochapishwa, na ina afadhali.

Pili, sensa ya kila miaka kumi haiulizi kipato kabisa. Kipato kinatoka kwenye utafiti mwingine wa Ofisi ya Sensa, unaopelekwa kwa anwani kama milioni tatu na nusu kwa mwaka nchi nzima. Sehemu yenye watu 65,000 kwenda juu inapata majibu ya mwaka mmoja mmoja. Kimji chenu hakiwezi, waliojibu ni wachache mno, kwahiyo wanakusanya majibu ya miaka mitano wanayachanganya ndo wanatoa namba moja. Ukiona kipato cha mwaka huu na cha mwaka jana, miaka minne kati ya mitano ni ileile! Kilichobadilika ni mwaka mmoja umetoka na mmoja umeingia, na kwenye mji mdogo kaya chache tu zenye pesa zikiingia kwenye sampuli basi mji mzima unaonekana umetajirika. Ofisi yenyewe inashauri usilinganishe vipindi vinavyoingiliana.

Pembeni ya hiyo namba kuna nyingine ndogo yenye alama ya kujumlisha na kutoa, hiyo ndo kiwango cha kukosea. Kurasa za nyumba zinaikata. Kwenye vimji utakuta ni kubwa kiasi kwamba kipato kilichoandikwa 45,000 kinaweza kuwa popote kati ya 32,000 na 58,000. Nenda kwenye jedwali lenyewe la Ofisi ya Sensa uitafute, usinunue nyumba kwa kuamini namba iliyokatwa mkia.

Na tatu, hiki ndo kinakuhusu wewe kabisa. Wazee unaowalea pale kazini wanahesabiwa kwenye idadi ya watu wa mji, maana ndipo wanapolala. Ila hawamo kwenye kipato cha kaya, kwa sababu nyumba ya kulea wazee siyo kaya. Nyumba yenu ikiwa na wazee sitini kwenye mji wa watu mia nne, sehemu kubwa ya mji haipo kwenye ile namba ya kipato. Mkulima naye anaripoti faida baada ya kutoa gharama, mwaka mbaya anaweza kuandika hasara na huku anamiliki ardhi ya mamilioni.

Mwanaupepo

Mkuu hapo kwenye wazee umenifanya niweke simu chini nikae kimya kidogo. Kuna wazee pale wana miaka tisini na kitu, wamelima hii ardhi maisha yao yote, na kibao cha kijani kinawahesabu mpaka leo.

Ila sasa ina maana gani kivitendo? Namba ikikosewa kidogo mji unaumia wapi?

KaraniTakwimu

Pesa mkuu. Ofisi ya Sensa ilipiga hesabu kwamba mwaka wa fedha 2021 programu 353 za serikali kuu zilitumia takwimu zake kugawa zaidi ya dola trilioni 2.8. Kwa mji wa watu 400 kinachouma zaidi ni maji na maji taka. Mabomba yakizeeka mji unaomba wizara ya kilimo, na kiasi cha ruzuku badala ya mkopo kinapimwa kwa kipato cha katikati. Ukionekana tajiri kwa bahati mbaya ya sampuli, ruzuku inapungua, bili ya maji ya kila nyumba inapanda.

Wanaruhusu mji kufanya utafiti wake wa kipato kama hauamini namba. Watu wanajaza fomu, nyingi zinatumwa kwa posta, nyingine wanagonga milango. Unaona tumerudi palepale.

RutiNambaMbili

Na huko Nebraska kuna kisa cha Monowi, nadhani Mwanaupepo unakijua. Sensa ya 2010 ilikuta mtu mmoja, mama mzee anayeendesha baa, yeye ndo meya, karani na mweka hazina. Sensa ya 2020 ikachapisha watu wawili. Mama akashangaa huyo wa pili ni nani.

KaraniTakwimu

Hicho kisa ni cha kweli na kina sababu. 2020 waliweka makusudi mabadiliko madogo ya kuvuruga namba za maeneo madogo ili mtu asiweze kuchimbua habari za kaya fulani, maana sheria inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja kwa miaka 72. Jimbo zima namba yake haikuguswa, ila ukishuka mpaka kijiji unaweza kukuta mtu amezidi au amepungua. Mimi lengo lake naliunga mkono, ila kwa mji wa mtu mmoja inaonekana waziwazi.

DadaWaKliniki

Mwanaupepo kitu cha kufanya kipo, usikae na uchungu tu. Kabla ya kila sensa Ofisi ya Sensa inaalika serikali za mitaa, hata kijiji kidogo, na makabila pia, kuipitia orodha ya anwani za eneo lao na kuongeza zilizokosekana. Sheria yake ni ya 1994. Kwa sensa ya 2030 mwaliko lazima utafika kwa mji wenu. Kinachotokea sehemu nyingi ndogo ni kwamba karani ni mmoja, ana kazi saba, barua inakaa mezani mpaka muda unapita. Nenda kwa karani umwambie upo tayari kusaidia. Atakayeipitia anaapa kutunza siri ya zile anwani, ila kazi yenyewe ni kutembea na kuangalia, hii nyumba ipo, ile trela, nyumba ya kuvutwa na gari, kuna watu wanaishi, juu ya lile duka kuna chumba.

RutiNambaMbili

Na namba za nyumba ziwekwe zionekane. Kaunti nyingi zilishabadilisha zile anwani za zamani za ruti na sanduku, zikatoa majina ya barabara na namba kwa ajili ya gari la wagonjwa na zimamoto. Mjini kwenu lazima kila nyumba ina namba kwenye daftari la kaunti hata kama barua hazifiki. Hiyo ndo anwani ya kuandika kwenye fomu ya benki, Mwanaupepo, alafu sanduku unaliandika kwenye mstari wa kupokelea barua. Ni mistari miwili tofauti, ukiichanganya ndo wanakataa.

Jingine, kwa wote mlio mbali na miji mikubwa huku Marekani. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 posta zilizo zaidi ya maili 50 kutoka kituo kikubwa cha kupanga barua, barua yako inaweza kulala posta hadi kesho yake ndo ichukuliwe. Kwahiyo muhuri unaweza kuonyesha tarehe ya mbele kuliko siku uliyotumbukiza. Kama ni kodi au kura au kitu chenye siku ya mwisho, peleka kaunta uombe wagonge muhuri kwa mkono pale pale, hawatozi.

Mzee_wa_Ngazi

Nimejifunza, na ule ushauri wangu wa kufunga posta naufuta. Mwanaupepo mwanangu utupe mrejesho.

Mwanaupepo

Wakuu mrejesho, imepita wiki na nusu.

Posta nilienda siku ya mapumziko. Postamasta ni mama mtaratibu sana, akaangalia anwani yangu kwenye kitabu, akakiri kwamba nilitakiwa kupewa sanduku la bure tangu mwanzo, aliyekuwepo kabla yake alinijazia fomu isiyo sahihi. Kuanzia sasa silipi. Namba ya nyumba nimeipata kwa kaunti, benki wamepokea fomu mara ya kwanza bila maneno.

Karani wa mji nilimkuta ofisini kwake, ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya gari la zimamoto, yupo siku mbili kwa wiki. Nikamweleza yote mliyoniambia. Akatoa faili. Kumbe kabla ya sensa ya 2020 mwaliko wa anwani ulikuja na karani wa wakati huo alikuwa mgonjwa, haukujibiwa. Akanionyesha kwa kidole kwenye ramani, huku nyuma ya ghala la nafaka kuna trela ambazo familia zimehamia kufuata kazi ya kiwanda cha nyama kwenye mji wa jirani, wengi ni Waguatemala na kuna familia mbili za Kikongo ambao mimi nazungumza nao Kiswahili kila Jumapili, na hana uhakika kama hata moja ya hizo trela iko kwenye orodha ya mtu yeyote. Trela hazina namba. Gari la wagonjwa mwaka jana lilizunguka pale dakika kumi nzima likitafuta mlango.

Amesema tusisubiri mwaliko. Namba za dharura mji unaweza kuomba kaunti sasa hivi, bodi ikikaa mwezi huu atalipeleka, na kwa kuwa zile familia zinaniamini ameniomba niwe naenda naye kutafsiri na kuwaeleza kwamba hakuna anayewafukuza. Wale Wakongo nimeshaongea nao, wamekubali, mama mmoja kauliza kama akipata namba na dawa za mwanae zitaweza kumfikia. Nikamwambia sanduku la posta la bure na yeye anastahili, nitampeleka mwenyewe.

Jumamosi saa tatu tunaanza, trela ya kwanza ni ile ya mwisho kabisa karibu na reli. RutiNambaMbili kaka, naomba uniambie zile namba za kubandika zinatakiwa ziwe na ukubwa gani zionekane usiku.

RutiNambaMbili

Inchi nne kwenda juu, za kung'aa zikipigwa na taa, na ubandike upande gari linapotokea. Kaunti yenu inaweza kuwa na kipimo chake, muulize karani kabla hujanunua.